Boya la Mzazi Mwenzangu

Kabla ya kuingia ghuba ya Zaklopa nilikuwa nimezamia mara nne katika siku nne. Kila tulipoifunga boti kwenye boya la mtu, nilivaa miwani ya kuzamia, nikashuka sambamba na mnyororo mpaka chini, nikaligusa zege linaloshikilia boya, nikapanda. Wageni wangu walikuwa Wacheki sita wa ukoo mmoja, akiwemo baba yao, Mzee Zdeněk, daktari wa meno mstaafu, alishaanza kunihesabia sekunde kwa sauti.

"Hamsini na mbili, hamsini na tatu... Blažena, mke wangu, anza kuandika rambirambi!"

Siku ya tano, Jumatano, saa nane mchana, sikuzamia.

"Vipi, nahodha haogi leo?" akauliza Zdeněk, kamba ya boya ikiwa bado inamchuruzikia maji mikononi.

"Hapa hapazamiwi. Boya hili ni la mzazi mwenzangu."

Alidhani natania. Bartul ndiye aliyemshika binti yangu Perina siku ya ubatizo, akamkatalia shetani kwa niaba yake, na kwetu visiwani baba wa ubatizo, ambaye tunamwita mzazi mwenzetu, si kifungo cha shati, kwamba kikikatika unashona kingine. Na wakati ule alikuwa amesimama kwenye baraza la mgahawa wake, aproni kiunoni, koleo la makaa mkononi, akiitazama boti yangu ikisogea. Maboya yake ni bure kwa kila anayekula kwake. Kama ningeshuka majini mbele ya macho yake kukagua mnyororo, ningekuwa kama mtu aliyekaribishwa mezani akaanza kunusa sahani.

Kwa hiyo nilimpungia mkono, naye akanipungia koleo, na mambo yakaishia hapo. Au nilidhani yameishia hapo.

Boti yenyewe, Kadulja, haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee Prošper wa Trogir, ambaye nilimfulia mashuka ya boti zake za kukodisha viangazi vitatu kabla sijapata cheti cha unahodha katika masomo ya jioni. Alikishika cheti kile kwa vidole viwili kama samaki wa juzi.

"Darasani hakuna mawimbi, binti."

"Ndiyo maana naomba boti, mzee."

Akafikiri siku mbili, kisha akasema mbele ya manahodha wenzangu wote pale gatini: wiki moja. Nimrudishie Kadulja Ijumaa bila mkwaruzo, na kazi ni yangu mwaka mzima, kiangazi baharini, baridi nikipaka rangi na kushona matanga. Mwaka mzima! Mume wangu, Jerko, alikuwa Dublin akipanga maboksi kwenye ghala kubwa lisilo na madirisha. Tulikubaliana hivi: nikipata kazi ya mwaka, yeye anarudi nyumbani. Nikiikosa, mimi na Perina tunamfuata Oktoba. Perina alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na baba yake alikuwa amemwona akitembea kwenye simu tu.

Hilo ndilo lililokuwa limefungwa kwenye boya lile.

*

Pweza alikuwa ameshawekwa motoni. Nilipiga simu asubuhi kuagiza, maana peka haipikwi kwa haraka: pweza na viazi vinafunikwa chini ya kengele ya chuma, makaa yanarundikwa juu, kisha mnakaa kusubiri na hakuna ruhusa ya kuchungulia. Fani, mke wa Bartul, alituletea jibini na mizeituni, akanibana mashavu.

"Umekonda, Vinka. Unawalisha Wacheki, wewe mwenyewe huli. Mtoto yuko kwa mama?"

"Yuko kwa mama. Kaota jino la saba."

"La saba!" akadakia Zdeněk. "La juu au la chini?"

Tukacheka. Saa tisa simu yangu ikatetemeka mfukoni: onyo la dhoruba, magharibi, upepo wa ghafla. Nikamwonyesha Bartul.

"Ah, hao," akasema, akipuliza majivu. "Hao mtu akikohoa Ancona wanatangaza dhoruba. Nevera ikitoka Italia inapita kaskazini, inawachapa wa Šibenik, inakwisha. Kunywa."

Nevera ni dhoruba ya kiangazi. Haipigi hodi. Dakika kumi bahari ni mafuta, dakika ya kumi na moja mlingoti uko majini. Nilikunywa funda moja la divai, nikageuza kiti changu kidogo ili niione Kadulja bila kuonekana ninaitazama.

Saa kumi kasorobo nyenje walinyamaza.

Aliyezaliwa mjini hawezi kujua ukimya ule. Misonobari yote ilikuwa ikipiga kelele tangu asubuhi, halafu ghafla kama mtu kafunga bomba. Upande wa magharibi, juu ya mlango wa ghuba, wingu lilikuwa limepanda, ukingo wake mweupe kama wa sahani na chini yake rangi ya bilinganya. Halikuwa linaelekea Šibenik.

Mlango wa Zaklopa unatazama kusini-magharibi. Nyuma ya Kadulja, mita themanini hivi, kulikuwa na miamba. Kwenye boya la pili ilikuwepo mashua ya mbao ya Bartul, ile aliyoichonga marehemu baba yake, imetulia kama bata.

"Mzazi mwenzangu," nikasema, "mnyororo ule umeubadilisha masika haya?"

Koleo likasimama hewani. Fani akaacha kukata mkate.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

"Zege lina tani mbili. Nililimwaga mimi na baba."

"Sijauliza zege, kaka. Nauliza mnyororo."

"Miaka kumi na tisa!" Sauti yake ilikuwa bado ya chini, lakini wageni walishaacha kutafuna. "Padri anafunga hapa. Polisi wa bahari wanafunga hapa wakija kula. Baba mkwe wako alifunga hapa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo."

Ni kweli. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu sote tulilelewa vizuri.

"Mwambie, Bartul," akasema Fani.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie habari ya sikio."

"Fani, nyamaza."

"Nitanyamaza nikifa. Vinka, huyu hajazamia tangu mwaka juzi. Kiwambo cha sikio kimepasuka, daktari wa Split kamkataza kushuka hata mita mbili. Kila masika anasema atamwita mzamiaji wa Komiža, na kila masika anaona haya, eti watu watasema Bartul kazeeka."

Bartul alikuwa mwekundu kuliko makaa yake. Hakunitazama. "Nusu saa," akasema. "Nusu saa nafunua kengele. Kaa, ule, halafu ufanye unavyotaka."

Kuondoka mezani kabla peka haijafunuliwa, kwetu, ni tusi lisilohitaji maneno. Nilisimama.

"Ukizamia pale mbele ya wageni," akasema, "usiniite tena mzazi mwenzako."

Nilimwona alivyokuwa siku ile kanisani, shati limembana shingoni, Perina analia, yeye naye machozi yanamtoka. Ningeweza kukaa. Namna ya kukaa niliijua, nimekaa maisha yangu yote. Nikachukua miwani yangu ya kuzamia kwenye begi nikashuka ngazi za gati, na nyuma yangu nikasikia viti vikiburuzwa.

Mzee Zdeněk aliingia kwenye kiboti cha mpira kabla sijafungua kamba.

"Rudi ukale, mzee."

"Mimi ni daktari wa meno. Nimezoea kushika vitu vinavyotikisika. Twende."

*

Maji yalikuwa yameshapoteza rangi yake ya buluu. Nilishika mnyororo, nikavuta pumzi, nikashuka. Mita tatu za kwanza, sita, pete zilikuwa nene, zimevaa kome na mwani, nikaanza kumwomba Mungu aniaibishe: niwe nimemtukana mtu bure, nipande juu nimwombe msamaha mbele ya wote, nile pweza wake nimepiga magoti.

Kwenye mita ya tisa, pale mnyororo unapojiburuza juu ya zege kila boti inapogeuka, kulikuwa na pete iliyolika. Upande mmoja ulikuwa umekatika kabisa. Upande uliobaki ulikuwa mwembamba kama ndoano ya hereni. Kadulja ilisogea juu yangu kidogo tu, na nikauona ule wembamba ukifunguka.

Nilipopanda juu niliingia moja kwa moja ndani ya Kadulja. Zdeněk aliniangalia usoni, akaacha kuhesabu.

"Injini," nikasema. "Mimi nashika usukani. Wewe nenda mbele omo, kwenye winchi ya nanga. Nikiinua mkono unabonyeza kitufe cha kushusha. Nikikunja ngumi unaacha."

"Na ukipiga kelele?"

"Basi unaomba."

Tukaiachia kamba ya boya. Tangu dakika ile Kadulja haikuwa imeshikwa na chochote duniani ila mkono wangu.

Sehemu kubwa ya ghuba ile ni majani ya bahari, na nanga juu ya majani ni kama uma juu ya godoro. Lakini tulipoingia mchana niliona kipande cha mchanga mweupe katikati, mkabala na kikanisa kilichopo ufukweni, kipana kama ua wa shule. Mchana kilikuwa kinang'aa. Sasa anga lilikuwa jeusi na maji yote yalikuwa rangi moja. Nikakiweka kikanisa ubavuni kwangu, nikakisia, nikainua mkono.

Mnyororo ukaunguruma. Mita ishirini, thelathini. Nikarudisha boti nyuma taratibu, nikiangalia nchi kavu. Kikanisa kilikuwa kinatembea. Nanga ilikuwa inaburuzika.

"Pandisha!"

"Yote?"

"Yote! Haraka!"

Winchi ya boti haijui neno haraka. Inapandisha kama bibi kizee anayepanda ngazi na kikapu cha viazi. Nanga ikatokea juu imebeba shada zima la majani. Upepo wa kwanza ukatugusa, baridi, wenye harufu ya mvua na udongo, na kule mlangoni mwa ghuba bahari ikageuka nyeupe, mstari mmoja kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, ukija.

Sikukisia tena. Niliipeleka Kadulja mbele urefu wa boti mbili, nikachungulia ubavuni mpaka kidevu changu kikagusa waya wa ukingoni, nikaona chini yetu weusi, weusi, weusi, kisha kitu kama maziwa yaliyomwagika. Nikainua mkono.

Safari hii nilipoirudisha nyuma, mnyororo ulikaza, boti ikainamisha kichwa mara moja kama mtu anayesalimia, na kikanisa kikasimama.

"Mwaga wote!" nikapiga kelele. "Mita sitini! Usiniachie hata moja!"

Mita ya sitini ilitoka pamoja na nevera.

*

Mvua ya mawe ilitupiga kwanza, kila jiwe kama njegere, kisha kama zeituni. Sikuona omo. Sikumwona Zdeněk mpaka alipotambaa kwa magoti kurudi nyuma, kipara chake kinavuja damu sehemu mbili, akakaa miguuni pangu. Niliisukuma boti mbele kwa injini kidogo kidogo ili kuisaidia nanga kule chini kushika. Upepo ukilegea nilipunguza, ukija niliongeza. Kila mara nilitafuta kikanisa. Kikionekana, kilikuwa palepale. Kisipoonekana, nilihesabu pumzi zangu.

Halafu niliona kitu cha mbao.

Ilikuwa mashua ya Bartul. Mnyororo wake ulikuwa umekatika, na ilikuja kinyumenyume ikiburura boya lake, ikipanda na kushuka, moja kwa moja kuelekea ubavu wetu wa kulia. Ningeweza kugeuza usukani. Ningegeuza kidogo tu kushoto, ingepita bila kutugusa, na baada ya dakika moja ingekuwa kuni kwenye miamba.

Sitadanganya. Niliufikiria ubavu wa Kadulja, mweupe, uliong'arishwa Ijumaa iliyopita kwa mikono yangu hii. Nilimfikiria Jerko na ghala lake. Siku mbili zilikuwa zimebaki, siku mbili tu, na mwenye mashua alishaniambia nisimwite tena.

"Tunaiacha au tunaikamata?" akapiga kelele Zdeněk. Tayari alikuwa na upondo wenye ndoano mkononi.

Usukani haukugeuka. Sikumbuki kuamua.

"Kamata!"

Tulitupa mipira yote ya ubavuni, ile ya kuzuia mgongano, upande ule. Zdeněk akalala kifudifudi, akainasa kamba ya mbele kwa ndoano, akaning'inia nayo, nami nikamshika mkanda wa suruali kwa mkono mmoja. Mashua ikajipigiza. Mpira mmoja ukapasuka kama puto. Kisha chuma cha omo yake kikapata nafasi kati ya mipira miwili na kikasafiri kwenye ubavu wa Kadulja, polepole, kwa sauti ambayo niliisikia kwenye meno.

"Hilo," akahema Zdeněk, "lingehitaji ganzi."

Tukaifunga nyuma yetu kwa kamba mbili. Nikarudi kwenye usukani. Sasa nanga moja ilikuwa inashika boti mbili, na kwa robo saa nzima sikufanya lolote ila kukitazama kikanisa na kuongea na Perina kimoyomoyo. Nilimwambia vitu vya kawaida. Kwamba bibi atampa uji. Kwamba asivue soksi.

Ikaisha kama ilivyokuja. Jua lilitoka, maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, matawi ya misonobari yakielea kila mahali. Kule barazani wageni wangu watano walikuwa wamesimama mstari mmoja, na Blažena alikuwa anapunga kitambaa cha meza kwa mikono miwili.

Bartul alikuja akipiga makasia kwenye kiboti cha jirani. Alizunguka mashua ya baba yake mara moja, akaishika ukingo kama unavyomshika ng'ombe. Kisha akasogea ubavuni mwa Kadulja, akauona mkwaruzo wote. Alikuwa anajua nilichoahidiwa. Kisiwa kizima kilikuwa kinajua.

"Pete?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa vidole viwili unene uliokuwa umebaki. Akafumba macho.

Aliyaingiza makasia ndani ya kiboti, yakidondosha maji. Nilikuwa nimelowa, meno yananigongana, na nilijua kwamba likisemwa neno baya sasa halitafutika tena maishani.

"Wavalishe watu wako nguo kavu, mzazi mwenzangu," akasema hatimaye. "Pweza ameungua chini kidogo, lakini analika."

*

Ijumaa saa kumi na moja jioni tulifunga boti Trogir. Mzee Prošper alikuwa ananisubiri gatini, na manahodha watatu nyuma yake wakijifanya wanapanga kamba. Wacheki waliteremka wakanibusu mmoja mmoja. Zdeněk, plasta mbili kichwani, alifungua mdomo kunitetea, nikamwomba kwa macho anyamaze, na kwa mara ya kwanza wiki ile akanyamaza.

Prošper alitembea kandokando ya boti, dole gumba likifuata mkwaruzo tangu mwanzo hadi mwisho.

"Mita tatu."

"Tatu na nusu, mzee. Nimepima."

"Nilisema bila mkwaruzo."

"Ulisema."

Nikamweleza. Sikupamba, sikupunguza. Alisikiliza akitazama bahari, na nilipomaliza akauliza swali moja tu, lile nililokuwa ninaliogopa kuliko yote.

"Mlifika saa ngapi, na ulizamia saa ngapi?"

Ningeweza kusema saa nane na saa nane. Nani angebisha?

"Tulifika saa nane. Nilizamia saa kumi."

"Saa mbili nzima. Kwa nini?"

"Ni baba wa ubatizo wa mtoto wangu."

Manahodha waliacha kupanga kamba. Prošper alijikuna shingo. Naye ni mtu wa visiwa, mwenye watoto wanne na wazazi wenzake wanne, na nadhani aliwapitia mmoja mmoja kichwani, wao na maboya yao.

"Mimi nisingezamia kabisa," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, kama anayeungama. "Ningekaa, ningekula pweza, na boti ningeikuta kwenye mawe."

Manahodha wakarudi kwenye kamba zao.

"Kazi ya mwaka siwezi kukupa leo," akaendelea. "Nilitoa neno mbele ya hawa, na mkwaruzo ni mkwaruzo. Lakini kesho wanakuja Waaustria wanane na nahodha wao yupo mbele yangu. Mwisho wa Septemba tutaongea upya. Na kila boya, Vinka. Hata likiwa la askofu."

"Hata likiwa lako, mzee."

"Hasa likiwa langu," akasema, akaondoka.

Nilimpigia Jerko nikiwa nimekaa kwenye ngazi za gati. Nyuma yake mashine za ghala zilikuwa zinalia piipu piipu zikirudi nyuma.

"Umeipata?"

"Sijaipata. Wala sijaikosa. Usikate tiketi zetu bado."

Nikasikia mtu anamwita kwa Kiingereza na yeye akimjibu asubiri. "Niambie yote," akasema. "Nimechukua mapumziko ya dakika kumi na tano."

Feri inayowaleta mama na Perina ilikuwa inazunguka kona ya ngome. Nikaanza kumweleza, nikisimama ili nione nani atashuka wa kwanza.